Ramani ya Keneuoe

Kila Jumatatu, kipindi cha tatu, Mwalimu Makananelo aliingia kidato cha pili kuwafundisha watoto wa watu namna ya kupendana bila kuumizana. Somo liliitwa Stadi za Maisha. Walimu wenzake wa hisabati na sayansi walilidharau waziwazi, wakasema ni somo la kupiga soga na kungojea kengele. Yeye aliwaacha waseme. Alikuwa amelifundisha miaka kumi na mmoja, na katika milima yote ile ya Lesotho, nani mwingine aliyewasimamisha wasichana wanne wanne mbele ya darasa wakasema "Sitaki" mpaka vioo vya madirisha vikatikisika?

Na si wasichana tu. Wavulana nao aliwafundisha kukataliwa. Msichana akisema hataki, mvulana anaitikia "Nimesikia", anageuka, anarudi kwenye dawati lake. Hakuna kutukana, hakuna kumfuata, hakuna kumtuma rafiki. Ilikuwa kazi ngumu kuliko aljebra, kwa sababu wengi wao walikuwa hawajawahi kumwona baba wala kaka akifanya hivyo.

"Sasa Mme," mvulana mmoja mrefu aliuliza, akimwita mama kwa Kisotho kama walivyomwita wote, "nikiondoka hivi hivi kama mbwa aliyenyeshewa, si atasema sikumpenda kweli?"

"Atasema una masikio," mwalimu akamjibu, na darasa zima likaangua kicheko.

Darasani ilikuwa rahisi kucheka. Nje kulikuwa na chobeliso, na kila mtoto aliijua. Kijana akimtaka msichana na amechoka kuposa, au amekwisha kukataliwa, huchukua wenzake wawili na farasi, wakamvizia msichana njiani wakambeba mpaka kwao. Kisha huandikwa barua kwa watu wa msichana: msimtafute, yuko kwetu. Huchinjwa kondoo wa kumkaribisha, wenyewe wanamwita koae, na msichana akishakula nyama ile hupewa jina jipya, basi huyo amekuwa mke, na wajomba hukaa kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari. Shule huisha hapo. Sheria ya nchi inakataza, lakini sheria ya nchi inakaa mjini, na mji uko mbali.

Jumatatu ya kwanza ya Juni mwalimu aliwagawia karatasi na kalamu za rangi. Kila mmoja achore njia zake za kila siku, za kisimani, dukani na shuleni, atie rangi nyekundu mahali anapoogopa na kijani mahali anapojisikia salama. Nyuma ya karatasi, mwenye neno aliandike. Alikuwa amewafundisha mwezi mzima kwamba mtu akiwa na hofu amtafute mtu mzima mmoja anayemwamini, amwambie.

Ramani nzuri kuliko zote ilikuwa ya Keneuoe, msichana mkimya wa miaka kumi na sita aliyelelewa na bibi yake katika kijiji cha Ha Tlali. Mama yake alikuwa akifanya kazi za ndani ng'ambo ya mpaka, Johannesburg, na alirudi Krismasi kwa Krismasi. Keneuoe alikuwa amechora kila kitu: zizi la chifu, mishubiri iliyo kando ya kanisa, hata lile jiwe ambalo vikongwe hupumzikia. Penye daraja alikuwa ametia wekundu kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Nyuma aliandika kwamba Tanki wa Ha Sekoala amemwambia mara tatu anamtaka, na mara tatu amemkataa, na sasa Tanki anasema atakuja kumchukua. Kwa hiyo ameiacha njia ya daraja. Siku hizi, saa kumi, akitoka shule, anapita nyuma ya kanisa. Mwishoni aliandika: nimekuchagua wewe, Mme.

Mwalimu alimwita baada ya kipindi. Alimsifu kwa ujasiri wake, akamwambia aendelee na njia hiyo mpya, asimwambie mtu mwingine yeyote, na mengine amwachie yeye. Msichana akashusha pumzi mpaka mabega yakateremka.

Mganga hajigangi. Ukutani mwa darasa lile, kwa mwandiko wa Makananelo mwenyewe, lilibandikwa bango lenye maneno makubwa: *Usipeleke siri yako kwa jamaa wa anayekutisha.* Na Tanki huyo alikuwa mtoto wa kaka yake mumewe. Polisi ingekuwa fedheha kwa ukoo mzima. Mambo ya ukoo humalizwa na ukoo, akajiambia, na Tanki anamsikiliza baba yake mdogo kuliko anavyomsikiliza baba yake mzazi. Akaikunja ramani, akaitia mkobani, akaenda nayo nyumbani.

Lazima isemwe kwamba Seabata, mumewe, alikuwa mtu mwema. Hakuwahi kumpiga. Mkewe alipokuwa na mimba alibeba ndoo za maji kichwani, mwanamume mzima, majirani wakamcheka mpaka wakachoka. Pesa alizopata migodini ndizo zilizompeleka mkewe chuo cha ualimu. Baada ya migodi alirudi akawa fundi wa matandiko ya farasi, na watu walisema, tazameni, ndoa ya farasi imeishinda ndoa ya pete.

Kwa sababu Seabata naye alikuwa amemchukua mkewe njiani. Miaka kumi na tisa iliyopita Makananelo alikuwa msichana wa miaka kumi na saba aitwaye Mosele, na hilo jina la Makananelo, yaani mama wa Kananelo, alipewa na mama mkwe, kabla hata mtoto Kananelo mwenyewe hajatungwa mimba. Kisa hicho Seabata alikisimulia kila sherehe, pombe ya mtama ikishazunguka. Jinsi mkewe alivyopiga mateke. Jinsi alivyomng'ata Lekhooa, mmoja wa wale wenzake wawili wa siku ile, kidole gumba, na Lekhooa mwenyewe, akiwapo, huinua kidole watu waone kovu. Jinsi alivyolia mpaka mbwa wakaona haya. Na Makananelo alikuwa na sehemu yake katika kisa kile, maneno matano aliyongojewa kuyasema. "Na kidole chenyewe kilinuka tumbaku," husema, na watu hucheka mpaka wakashika mbavu, naye hucheka nao.

Alhamisi hiyo, walipokwisha kula, alimwonyesha ramani. Alimweleza yote, akamwomba azungumze na Tanki. Seabata aliitazama karatasi kwa muda mrefu karibu na taa.

"Mtoto huyu ana mkono," alisema. "Hii njia ya nyuma ya kanisa, sikujua kama bado inapitika."

"Utazungumza naye?"

"Nitazungumza naye."

Makananelo akalala usingizi mzuri.

Wiki iliyofuata, Alhamisi, mwalimu alipopita mlangoni mwa kidato cha pili, dawati la Keneuoe lilikuwa tupu. Ilikuwa majira ya mafua, nusu ya darasa walikuwa wakikohoa, mwalimu akaona ni hayo. Ijumaa dawati lilikuwa tupu tena, na alipouliza, wasichana walitazama viatu vyao. Mchana huo Seabata alivaa blanketi lake la sherehe, akasema kaka yake amemwita kwa shauri la nyumbani, akapanda farasi akaenda zake. Makananelo alimfungia vifungo vya blanketi kwa mikono yake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi alikwenda Ha Tlali. Bibi yake Keneuoe alikuwa ameketi juani, nje ya nyumba, na miguuni pake palikuwa na kiatu kimoja cheusi cha shule. Barua ilikuwa imefika jana. Bibi hakujua kusoma, lakini barua za namna ile hazihitaji kusomwa. Alisema aliwaza kwenda kwa chifu, kisha akakumbuka kwamba chifu naye mkewe alimpata vivyo hivyo.

"Alichukuliwa wapi, Mme?"

"Nyuma ya kanisa. Jumatano, saa kumi."

Mwalimu aliinama akaokota kiatu. Kila mtu aliyemjua Keneuoe alijua njia ya daraja. Ile ya nyuma ya kanisa, nani aliijua? Aliwahesabu, na hesabu ikaisha kabla haijaanza. Kikulacho ki nguoni mwako. Akakitia kiatu mkobani, akaanza kupanda mlima kwenda Ha Sekoala, kwa kina Tanki.

Ni mwendo wa saa mbili, na theluji ilikuwa bado imelala upande usiopigwa na jua. Njia nzima aliwaza jambo moja tu, nyama. Ikiwa hajala, kuna la kusema. Ikiwa amekula, watasema amekubali, na hata bibi yake atasema hivyo, kwa kuwa itakuwa rahisi kwa kila mtu. Alitembea haraka kuliko alivyozoea.

Alipofika, ngozi ya kondoo ilikuwa imetandazwa juu ya ukuta wa zizi, mbichi. Wanaume waliketi penye jua wakinywa. Seabata alipomwona aliinuka akamjia kwa furaha, akifikiri kwamba ametumiwa ujumbe aje kwenye sherehe.

"Ulimwambia njia," Makananelo alisema.

"Nilizungumza naye, kama ulivyoniomba." Seabata alipunguza sauti. "Nilimkuta amekwisha kuamua, mama Kananelo. Alikuwa amepanga kwenda darajani na wale walevi wenzake. Nikaona watamwumiza mtoto wa watu. Afadhali kanisani, karibu, bila fujo. Hata farasi nilimpa yule wetu mpole."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayengoja kushukuriwa. Na hilo ndilo lililomtisha mkewe kuliko yote. Angemwona ana hila angemchukia, mambo yakaisha. Lakini hakuwa na hila hata chembe. Kwa nini asimsaidie kijana kumpatia msichana maisha kama yale ambayo mkewe amekuwa akiyacheka miaka yote?

Tanki alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya msonge, miaka ishirini na mbili, ndevu za kubahatisha. Yeye naye alipita kidato cha pili, dawati la dirishani, na alikuwa hodari wa kuigiza.

"Tanki, nilikufundisha nini mtu akikuambia hataki?"

"Niseme nimesikia, Mme." Alikwaruza ardhi kwa buti. "Lakini lile lilikuwa somo."

Akampita akaingia ndani. Nyumba ilikuwa ile ile aliyokalishwa yeye miaka kumi na tisa iliyopita. Kaka mtu alikuwa amerithi boma la wazee. Na nyuma ya mlango, pale pale ambapo bibi harusi hukalishwa, alikuwa ameketi Keneuoe na blanketi la watu mabegani, mguu mmoja una soksi, mwingine una kiatu. Kifundo cha mkono kilikuwa na alama za vidole, zimeanza kugeuka rangi ya manjano. Alimtazama mwalimu wake, kisha akatazama mahali pengine. Siku tatu zilikuwa zimempitia mle ndani, na hakuna ramani inayoweza kuzirudisha.

Wanawake wanne walikuwa motoni. Mama yake Tanki alimpokea mke wa shemeji yake kwa kicheko cha nafuu, akamtilia sahani ya nyama mkononi kabla hajaketi.

"Afadhali umekuja. Hajatia kitu kinywani tangu Jumatano, maji tu. Wewe ni mwalimu, lugha yao unaijua. Mwambie kisa chako. Mwambie na wewe ulikaa hapo hapo ukitoa makamasi, na leo je? Mke wa mtu, una mshahara, una heshima zako. Mwambie na kile cha kidole."

"Cha kidole, Mme," wengine wakadakia, tayari wanatabasamu.

Makananelo aliketi sakafuni mbele ya msichana. Alianza kama alivyozoea. Alisimulia jinsi alivyotoka dukani na mkate, jinsi walivyokuwa watatu, jinsi alivyomng'ata Lekhooa. Alipofika penyewe akasema, "Na kidole chenyewe kilinuka tumbaku," na wanawake wakacheka, na huko nje wanaume waliosikia nao wakacheka. Aliwangoja wamalize.

"Halafu nikaacha kung'ata, kwa sababu walikuwa watatu," aliendelea. "Nikakalishwa hapa. Nilikuwa naitwa Mosele. Mtihani wangu wa mwisho ulikuwa umebaki wiki sita. Nililia siku mbili, na ya tatu nikala kondoo, wakapiga vigelegele, wakasema nimekubali. Sikukubali. Nilikuwa na njaa."

Hakuna aliyecheka tena. Mama yake Tanki alisema taratibu kwamba hayo si maneno ya kusema mbele ya bibi harusi.

"Mume wangu havuti," Makananelo alisema, "lakini mpaka leo kuna asubuhi naamka nasikia harufu ya tumbaku, natoka nje kutapika. Nikirudi ndani nampikia chai."

Mlangoni palikuwa pameingia giza. Seabata alikuwa amesimama pale, amezuia mwanga, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa kwa maji baridi.

"Miaka kumi na tisa ulikuwa unacheka," alisema. "Mimi nilidhani..."

"Nilicheka. Nilikuwa nakaa kwako, ningefanya nini? Kisha nikazoea. Kila Jumatatu nawafundisha watoto waseme linalowauma, na mimi sijawahi kukuambia hata siku moja. Ungejua, usingempa farasi."

Seabata alirudi nyuma akaegemea ukuta. Mkewe alimwonea huruma, akashangaa kwamba bado anamwonea huruma, akaiweka sahani chini, mbali na magoti ya msichana.

"Hatakula," aliwaambia wanawake. "Ana miaka kumi na sita. Tunakwenda polisi, na mimi ndiye shahidi. Nitasema nani alipanga, nani alitoa farasi, na nani aliwapikia."

"Maji yakimwagika hayazoleki, dada," mama yake Tanki alisema. Hakuwa na hasira hata. Aliongea kama anayemsaidia kuhesabu. "Amelala hapa siku tatu. Nani atamwoa sasa?"

"Hakuna aliyeuliza habari za kuolewa."

Wanaume walikuwa wamekusanyika nje. Baba yake Tanki, mzee wa maneno machache, alimtazama shemeji yake, akamtazama mdogo wake aliyekuwa ameegemea ukuta kama mgonjwa, akapima. Shahidi wa nje angetishwa. Shahidi anayelala ndani ya ukoo ni jambo lingine. Akawaambia vijana wapishe njia.

Hapo ndipo Keneuoe aliposema. Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini ilitoka sawasawa, kama walivyofundishwa, macho kwa macho.

"Mme, ramani yangu ulimwonyesha nani?"

Angeweza kusema lolote. Mumewe alikuwa pale, angeweza kumnyooshea kidole, na isingekuwa uongo.

"Mume wangu. Niliichukua mwenyewe kutoka shuleni nikamwonyesha. Nilidhani atamzuia."

Keneuoe aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepata jibu la hesabu iliyokuwa ikimsumbua. Alilivua blanketi, akalikunja vizuri, akaliweka sakafuni. Mwalimu alimnyooshea mkono kumwinua. Hakuushika. Aliinuka kwa kushika mlango.

Walishuka mlima wakiwa wametengana hatua kumi, msichana mbele. Mwalimu alimpa kile kiatu. Alikipokea bila kugeuka, akakivaa, akaendelea. Penye njia panda, moja inayopita nyuma ya kanisa na nyingine inayokwenda darajani, Keneuoe alisimama kidogo, kisha akafuata ya daraja. Makananelo alijaribu kusema samahani mara mbili. Mara ya kwanza upepo ulikuwa mkali. Mara ya pili hapakuwa na upepo, na bado hakujibiwa.

Kituo cha polisi ni chumba kimoja karibu na ghala la sufu. Askari mmoja alikuwa zamu, kijana mgeni wa wilaya, akiota moto wa jiko la mafuta ya taa. Alitoa fomu, akatafuta kalamu iliyo na wino. Makananelo alitaja jina lake, akasita, akaomba liandikwe Mosele, askari akaandika yote mawili. Kulikuwa na benchi moja tu. Mwalimu aliketi, na Keneuoe akabaki amesimama upande wa pili wa meza, mikono ameificha ndani ya mikono ya sweta la shule.

"Huyu mtoto hajafika miaka kumi na minane, lazima awe na mtu mzima anayemwamini," askari alisema. Alimgeukia Keneuoe, akamwonyesha Makananelo kwa kalamu. "Huyu mama ni nani kwako?"

Keneuoe alifikiri.

"Ni mwalimu wangu," alisema. "Anafundisha Stadi za Maisha."